Tuache kutisha watoto na polisi

Wazazi wenzangu wa Kisumu, hii ya kuambia mtoto "kula ama niite polisi akushike" tuiache kabisa, juu siku atapotea pale soko ya Kibuye Jumapili vile watu hujaa, ataona askari na badala ya kumwendea atajificha nyuma ya mitumba. Wangu ako na miaka minne, nilianza tu na yule wa trafiki, asubuhi tukienda nasari tunasimama kidogo namwonyesha vile anasimamisha magari watoto wavuke, halafu tunamsalimia. Siku hizi anampungia mkono mwenyewe! Nyumbani tunaigiza, mimi askari yeye amepotea, namuuliza mamako anaitwa nani? Usishangae akijibu "Mama", wengi hawajui jina lingine, basi mfundishe majina yako yote na namba ya simu, muimbe kama wimbo hadi ishike. Akikua kidogo mwambie 999 na 112 ni za dharura, na 116 ni ya watoto, haina malipo, anaweza piga hata kama aliyemuumiza ni mtu wa nyumbani ama askari mwenyewe.