Namna ya Kuandika Riwaya ya Shabiki Anayeanza Chuo

Kabla hujaandika sura ya kwanza, andika kile kitabu anachokipenda mhusika wako. Kiandike kweli, kwenye daftari lake la peke yake. Mimi niliiruka hatua hii na ikanigharimu rasimu nzima. Mhusika wangu, Nuru, alikuwa shabiki wa kufa na kupona wa mfululizo uitwao Wapiga Kengele, lakini katika kurasa 240 sikuwahi kusema kengele zenyewe zinalia kwa ajili gani. Mdogo wangu akausoma mswada kwa siku mbili, akanirudishia na swali moja: "Dada, sasa hao wapiga kengele kazi yao nini?" Sikuwa na jibu. Nuru alikuwa akilia usiku kwa ajili ya kitu ambacho hata mimi niliyemuumba sikukijua.

Huhitaji kuandika vitabu saba. Mimi niliandika kurasa kumi na mbili: ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kwanza, tukio ambalo kila shabiki analijua kwa moyo, na ukurasa wa mwisho wa kitabu cha mwisho kilichotoka. Kisha nikatafuta ufa, maana hadithi za mashabiki, yaani zile ambazo mashabiki huziandika wenyewe kwa kutumia wahusika wa kitabu wanachokipenda, huota kwenye nyufa. Kwenye Wapiga Kengele, mwanafunzi wa mnara aitwaye Tumu anapanda ngazi usiku wa mafuriko. Kengele inalia mara tatu. Asubuhi anayekutwa juu ni mtu mwingine, na mwandishi wa mfululizo hasemi ni nani aliyevuta kamba. Ufa huo mmoja ukanipa kambi mbili za mashabiki, ugomvi wao, lugha yao ya mafumbo, na hadithi ndefu ya Nuru yenye sura 31 ambayo wasomaji wake wanaisubiri kila Ijumaa.

Mfano bora ninaoujua ni Fangirl, riwaya ya Mmarekani Rainbow Rowell, iliyotoka 2013. Cath, msichana wa Omaha anayeanza mwaka wa kwanza kwenye chuo kikuu cha Nebraska kilichoko Lincoln, anaandika hadithi za mashabiki kuhusu mchawi kijana aitwaye Simon Snow. Simon Snow hayupo duniani. Rowell alimbuni yeye, akambuni na mwandishi wake, Gemma T. Leslie, kisha akaweka vipande vya vitabu vya Leslie na vya hadithi za Cath katikati ya sura. Ukivisoma unasikia sauti mbili tofauti, ya Leslie na ya Cath. Mwaka 2015 Rowell akatoa riwaya kamili ya Simon Snow, Carry On, nayo ikasimama kwa miguu yake. Hicho ndicho kipimo: kitabu cha ndani kiwe na uhai wa kutosha kutembea peke yake.

Hatua ya pili ndiyo ninayoipigania kuliko zote. Onyesha ushabiki kama kazi. Waandishi wengi huuonyesha kama homa: mabango ukutani, mayowe, fulana. Vitu hivyo vipo, ila havimfanyi mtu akeshe. Kinachomkesha ni sura iliyoahidiwa. Rasimu yangu ya kwanza ilisema, "Nuru alipenda sana kuandika." Ya tatu inasema hivi:

Saa saba usiku. Mwenzake wa chumba amelala akiwa ameelekea ukutani. Nuru ameifunika taa ya mezani kwa kitambaa cha kichwa ili mwanga usivuke kitanda cha pili. Sura imebaki aya mbili. Msomaji wake wa kwanza, ambaye hawajawahi kuonana, ameshaweka alama kwenye rasimu: "Tumu ana mkono wa kushoto uliovunjika tangu sura ya 12. Kamba anaivutaje?" Nuru anarudi nyuma, anafuta kurasa tatu, anaanza upya.

Angalia huo mkono uliovunjika. Sentensi moja inamwonyesha msomaji nidhamu, kumbukumbu, na urafiki wa watu wawili wanaosomana kwa makini. Tafuta mkono wako uliovunjika.

Chagua pia mwaka, kwa sababu vifaa vya mashabiki hubadilika na vinabadilisha upweke wenyewe. Mwaka 1967 mashabiki wa Star Trek, tamthilia ya televisheni ya safari za anga, walitoa jarida lao, Spockanalia, na zama zile majarida ya namna hiyo yalisafiri kwa posta. Mhusika wa wakati ule angesubiri bahasha. Tovuti ya hadithi za mashabiki ya FanFiction.Net ilianza 1998, na nyingine, Archive of Our Own, inayoendeshwa na watu wa kujitolea, ikafunguliwa kwa umma 2009. Mhusika wa leo anapata maoni kabla chai yake haijapoa, na akiyakosa kwa saa mbili anaanza kujiuliza amekosea wapi. Ukichanganya zama hizi, shabiki wa kweli atakugundua ukurasa wa tano.

Sasa chuo. Usianze na mihadhara wala na maswali makubwa ya maisha. Wiki ya kwanza chuoni imejaa mambo madogo ambayo kila mtu anaonekana kuyajua isipokuwa wewe, na aibu ya kuuliza inakua kila siku inayopita. Cath haendi bwaloni kula kwa sababu hajui foleni inaanzia wapi na sheria za humo ni zipi, kwa hiyo anaishi kwa siagi ya karanga na vipande vya vitafunio alivyoficha chumbani, mpaka Reagan, mwenzake wa chumba, anapomchukua. Hakuna aliyemzuia kula. Ndiyo maana tukio hilo linauma.

Mimi mlango wangu wa bweni haukufunguka mpaka uuinue kidogo kwa goti huku unazungusha ufunguo. Sikulijua hilo. Kwa siku nne nilikaa kwenye ngazi nikijifanya nasoma, nikisubiri mwenzangu arudi. Siku ya tano aliniona, akaweka goti mlangoni taratibu ili nione linavyokaa, hakusema neno. Nimempa Nuru mlango huo. Kaa chini uorodheshe vitu kumi vya aina hiyo ulivyoviogopa, kisha tumia viwili tu, lakini ukae navyo sana.

Marafiki wapya watakuja wenyewe, sitasema mengi. Jambo la kuangalia zaidi ni yule rafiki wa zamani waliyeshabikia pamoja. Chuo huwatenganisha watu wa namna hii bila kosa la yeyote. Cath ana pacha, Wren. Mama yao alikuwa ameandaa jina moja, Catherine. Walipotokea wawili akaligawa, huyu Cather, yule Wren. Wakifika chuoni Wren anakataa kukaa naye chumba kimoja. Jina lililogawanywa limeshabeba habari yote, na mwandishi hana haja ya kutueleza uchungu wa Cath kwa kurasa nyingi. Nuru hana pacha. Ana binamu aliyemwazima kitabu cha kwanza, na sasa binamu huyo akiona ujumbe kuhusu Tumu anajibu kwa kidole gumba tu.

Utahitaji mtu wa kupinga. Mpe hoja yenye nguvu. Kwenye Fangirl, Cath anampelekea Profesa Piper, mwalimu wake wa uandishi, hadithi ya mashabiki kama kazi ya darasani na anapewa F, alama ya kufeli, kwa wizi wa maandishi. Piper si katili. Anaipenda kalamu ya Cath, na anachotaka ni dunia ambayo Cath ameijenga mwenyewe. Mimi niliwahi kuambiwa na mhadhiri, mbele ya darasa, kwamba nilichoandika ni nguo ya kuazima. Katika rasimu ya kwanza nilimlipizia kisasi kwa kumfanya mhadhiri wa Nuru mjinga. Ukurasa ule ulikuwa umekufa. Nilipoandika upya nilimpa sababu: amesoma kazi ya Nuru mara mbili, na amegundua kwamba kila mahali panapomgusa mama yake, Nuru anakimbilia kwenye mnara wa Wapiga Kengele. Hoja hiyo Nuru hawezi kuijibu kwa hasira, na hapo riwaya yangu ikaanza kusogea.

Weka saa inayogonga. Kwa Cath, kitabu cha nane na cha mwisho cha Simon Snow kinatoka Mei, naye anataka kumaliza hadithi yake kabla Leslie hajamaliza ya kwake. Tarehe moja inaunganisha mitihani, mapenzi, ugonjwa wa baba na usiku wa kuandika, bila mwandishi kulazimisha.

Na mwisho, usimponye. Rasimu nyingi za namna hii zinamalizika kwa msichana kufuta akaunti yake na kwenda kwenye sherehe, na sisi tunatakiwa kufurahi. Mimi nahuzunika kila nikizisoma. Ushabiki ndio uliomfundisha kurudi nyuma na kufuta kurasa tatu. Mwache auchukue ujuzi huo aupeleke mahali palipokuwa pamefungwa. Cath anafika kuandika hadithi kuhusu familia yake mwenyewe, na bado anampenda Simon. Nuru namwacha siku ya kukabidhi chumba. Ukuta ni mtupu, gundi ya mabango imeacha vidoa vinne, mkoba uko mlangoni. Amefungua faili mbili kwenye kompyuta: sura ya 31, na ukurasa mmoja kuhusu mama yake. Anaandika kwenye ya pili kwa dakika kumi, kisha anarudi kwenye ya kwanza, kwa sababu kesho ni Ijumaa na kuna watu wanasubiri.