Kuandaa na Kuongoza Kipindi cha Burudani Mchanganyiko cha Televisheni Mjini Tabora

Anayetaka kuongoza kipindi chenye muziki, ngoma, vichekesho na mahojiano ndani ya saa moja aanze na karatasi kabla ya kamera. Andaa jedwali la mtiririko linaloonyesha kila kipengele, muda wake, mhusika, kipaza sauti na picha ya kwanza. Mtayarishaji hulitumia kulinda bajeti na mwongozaji kulinda muda, ingawa mjini Tabora huenda kazi zote mbili zikawa zako.

Ugumu hasa uko katika mfuatano. Kundi la ngoma ya Kinyamwezi huhitaji nafasi kubwa, tena mdundo wake huzidi uwezo wa kipaza sauti kilichowekwa karibu mno. Kwa hiyo baada yake weka mahojiano ya watu wawili pembeni mwa jukwaa, ili mafundi wapange vyombo vya bendi inayofuata bila mtazamaji kuona pilikapilika zao. Mchekeshaji, kwa maoni yangu, asitanguliwe kamwe na wimbo wa huzuni.

Kamera tatu zinatosha: moja ya jukwaa zima, mbili za sura na mikono. Zote ziwekwe kwenye picha 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila picha) ya 1/50 ya sekunde, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na baadhi ya taa za ukumbini zitametameta ukikosea.

Kwa nyimbo za wengine, omba ruhusa ya wenye haki. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, ndipo pa kuanzia. Jenereta lijaribiwe mapema, likiwa mbali na ukumbi, lisisikike kwenye mahojiano.