Kaharabu au plastiki? Ninavyopima tasbihi za wateja

Natunga upya tasbihi zilizokatika uzi, hapa Old Kampala, si mbali na msikiti mkuu. Karibu kila mzee anayeniletea punje za manjano huniapia ni kaharabu. Mimi sibishani na mzee. Natoa bilauri.

Jaza maji, tia vijiko vitano au sita vya mezani vya chumvi, koroga mpaka nyingine igome kuyeyuka. Maji yakitulia, tumbukiza punje moja tupu, bila uzi wala chuma. Kaharabu huelea. Glasi huzama, na bakelaiti pia, ile plastiki iliyobuniwa 1907, ambayo ikizeeka hupata rangi tamu ya asali na kudanganya watu. Ukimaliza suuza kwa maji baridi, ufute.

Imeelea? Usishangilie bado, kuna plastiki zinazoelea, na kuna sandarusi. Kaharabu ni utomvu wa miti ya kale uliogeuka kuwa kama jiwe. Ule wa Baltiki una zaidi ya miaka milioni 40. Sandarusi ni utomvu pia, ila bado mchanga. Watu wa Mrima, pwani ya bara inayoelekeana na Zanzibar, waliichimba ardhini, ikapita Zanzibar kwenda kupikwa vanishi Ulaya na Marekani. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Dondosha tone la asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha, karibu na tundu. Subiri nusu dakika, bonyeza kwa kidole. Ikinata, si kaharabu: ni sandarusi, au plastiki.

Kuisugua punje kwenye sufu ili ivute vipande vya karatasi ni mchezo mzuri wa watoto, lakini plastiki nayo huvuta. Afadhali uazime taa ya kukagulia noti: kaharabu nyingi hung'aa kibuluu. Sindano ya moto nimeiacha. Niliwahi kumchomea mteja punje halisi. Ikanukia vizuri kweli, na alama haikutoka.

Juzi Hajati mmoja wa Bombo aliniletea tasbihi ya punje 33. Zote zilielea na hakuna iliyonata. Ile ndefu ya kichwani, imamu, ikazama kama kokoto. Nikamwambia naweza kumtafutia nyingine. Akakataa: ya zamani ilipopotea, hiyo ya plastiki aliiweka marehemu mumewe kwa mkono wake. Nikaitunga palepale ilipokuwa.