Namna ya Kujipatia Kipato kwa Kuuza Picha kwenye Maktaba za Picha za Mtandaoni

Mhariri wa gazeti anayehitaji picha ya mkulima akimwagilia sukuma wiki, shirika la afya linaloandaa bango la chanjo na kampuni ya bima inayotengeneza kalenda kwa kawaida hawamtumi mpigapicha. Huingia kwenye maktaba ya picha mtandaoni, huandika maneno mawili matatu, huchagua picha inayowafaa, hulipia leseni, na muda si mrefu picha hiyo iko kwenye ukurasa wao. Sehemu ya malipo hayo, inayoitwa mrabaha, humfikia aliyepiga picha, popote alipo. Mwongozo huu unamhusu mtu wa Afrika Mashariki mwenye kamera ya kawaida, au simu yenye kamera nzuri, anayetaka kuwa muuzaji katika soko hilo.

Ni vyema kuanza na hesabu, kwa kuwa wengi huacha biashara hii katika miezi ya mwanzo kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza hesabu yake. Maktaba ya Adobe Stock humlipa mpigapicha asilimia 33 ya bei ya leseni ya picha. Maktaba ya Shutterstock, tangu Juni 2020, hulipa kwa ngazi sita zinazoanzia asilimia 15 hadi 40 kulingana na idadi ya leseni ulizouza mwaka huo, na kila tarehe 1 Januari wote hurudishwa ngazi ya chini. iStock, iliyo chini ya Getty Images, humlipa asilimia 15 mpigapicha asiyefungwa na mkataba wa kuwauzia wao peke yao. Asilimia hizo hutolewa katika bei ambayo mara nyingi ni ndogo, kwa kuwa wanunuzi wakubwa hulipia usajili wa mwezi au wa mwaka unaowaruhusu kupakua picha nyingi. Kwa hiyo upakuaji mmoja unaweza kukuletea senti 10 za dola, au senti 33, na mara chache dola kadhaa. Ukichukua senti 33 kuwa kipimo, utahitaji mauzo 76 ili ufikie dola 25, ambacho ni kiwango cha chini ambacho Adobe Stock hukuruhusu kuomba malipo.

Jambo linaloifanya hesabu hiyo iwe na maana ni kwamba huuzi picha yenyewe, unauza ruhusa ya kuitumia, na hakimiliki inabaki kuwa yako. Picha moja inaweza kuuzwa leo Mombasa, kesho Berlin, na tena baada ya miaka mitatu, bila wewe kufanya kazi nyingine juu yake. Tena, usipojifunga kwa mkataba wa kipekee, unaweza kuiweka picha hiyohiyo kwenye maktaba kadhaa. Ushauri wangu ni kuanza na mbili tu, Adobe Stock na Shutterstock, uzielewe kanuni zake vizuri, kisha uongeze nyingine. Anayejisajili kwenye maktaba sita kwa siku moja hujikuta akijaza fomu badala ya kupiga picha.

Kipi kipigwe picha

Makosa mengi hufanyika hapa. Mpigapicha wa kwetu akisikia kuwa wanunuzi ni watu wa duniani kote, hukimbilia simba wa Serengeti, machweo ya Nungwi na Mlima Kilimanjaro. Picha hizo zimekwisha kupigwa na wataalamu wenye lenzi za bei ya gari, na zimejaa kwenye maktaba zote kiasi kwamba picha mpya haionekani. Kilicho haba ni maisha ya kawaida ya watu wetu yaliyopigwa kwa heshima na kwa ubora: mwanafunzi wa chuo kikuu akisoma kwenye kompyuta, mfamasia akimweleza mzee namna ya kumeza dawa, fundi cherehani akipima kitambaa, kikao cha ofisi, familia ikila chakula cha mchana, fundi akifunga paneli za sola juu ya bati. Mtangazaji anayetaka kumfikia mtu wa Mwanza au Kisumu huzitafuta picha za namna hii, na mara nyingi hulazimika kutumia picha iliyopigwa Afrika Kusini au Marekani.

Chukua mfano wa kilimo cha mwani kwenye fukwe za mashariki mwa Unguja, kama vile Paje na Jambiani. Kilimo hiki kilianza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Mwani ukikaushwa husafirishwa nje ya nchi, na humo hutolewa karaginani, kiungo cha kugandisha kinachotumika katika vyakula na dawa za meno. Somo hili moja lina wanunuzi wa aina nyingi: anayeandika kuhusu wanawake na biashara, anayeandika kuhusu mabadiliko ya tabianchi, mwenye kiwanda cha vipodozi, mchapishaji wa vitabu vya jiografia. Mpigapicha anayewaza hivyo hatoki na picha moja nzuri. Hutoka na mikono inayofunga mwani kwenye kamba, mkulima akitazama kamera kwa kujiamini, shamba zima likionekana kwa mbali, magunia yakipimwa, na mwani uliotandazwa juani. Atakwenda siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na wakulima wanaposhuka shambani, na katika baadhi ya picha ataacha upande mmoja wazi, iwe anga au mchanga, kwa sababu mbunifu wa tangazo anahitaji mahali pa kuweka maandishi. Nafasi hiyo tupu huuza picha kuliko wengi wanavyodhani.

Zingatia pia majira. Wanaoandaa matangazo ya Ramadhani na Idi hutafuta picha wiki nyingi kabla ya mwezi kuandama, na kwa kuwa mwaka wa Kiislamu husogea nyuma kwa takribani siku 11 kila mwaka katika kalenda ya kawaida, huna budi kuhesabu mapema. Picha ya futari iliyopakiwa katika kumi la mwisho imechelewa. Nakushauri uzipakie miezi miwili au mitatu kabla.

Ridhaa ya watu na haki za wengine

Picha yenye mtu anayetambulika haiwezi kuuzwa kwa matumizi ya matangazo bila fomu ya ridhaa iliyotiwa saini. Kila maktaba ina fomu yake, na ipo ya kujaza kwenye simu. Husainiwa na aliyepigwa picha na mpigapicha, mara nyingi pamoja na shahidi, na kama aliyepigwa picha ni mtoto wa chini ya miaka 18, mzazi au mlezi ndiye anayesaini. Mpigapicha anayejenga desturi ya kupata fomu hizi ana mali ambayo mgeni anayepita kwa siku tatu hawezi kuwa nayo, kwani yeye anawajua majirani zake na wao wanamjua.

Saini pekee haitoshi. Mweleze mtu kwa Kiswahili, au kwa lugha yake, kwamba picha yake inaweza kuonekana Brazil kwenye tangazo la sabuni, au hapa nyumbani kwenye bango la benki, na kwamba wewe hutajua mapema itatumika wapi. Mweleze kuwa mapato ni madogo na huja polepole, kisha mpatane malipo ya haki siku hiyohiyo, pamoja na nakala za picha. Mwambie pia kwamba picha zinaweza kutumika kufundishia programu za akili bandia: Adobe ilipozindua Firefly, programu yake ya kutengeneza picha kwa akili bandia, mwezi Machi 2023 ilieleza kuwa imeifunza kwa picha za Adobe Stock, na Shutterstock nayo huuza data ya picha kwa kazi hiyo, ingawa humruhusu mpigapicha kujiondoa kupitia mipangilio ya akaunti yake. Mama anayekubali baada ya kuyasikia hayo yote amekubali kweli, na asiyekubali aheshimiwe.

Sheria zetu nazo zimebadilika. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wake ilitangaza kuitoza shule moja zaidi ya shilingi milioni 4.5 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Picha za kambi za jeshi na majengo ya ulinzi zisipigwe kabisa, na upigaji picha wa kibiashara ndani ya hifadhi za taifa huhitaji kibali.

Haki za wengine hujificha pia mahali ambapo jicho halizoei kutazama. Nembo ya kampuni ya simu kwenye kibanda cha wakala, jina la kiatu, chupa ya soda, michoro ya Tingatinga ukutani, vyote hivi vina wenyewe. Hata leso aliyojifunga mama inaweza kuwa na maandishi ya mtengenezaji pembeni, kama yale ya “Mali ya Abdulla” ya Mombasa, na mkaguzi wa maktaba anaweza kuikataa picha kwa sababu hiyo. Ama ufute alama hizo kwa programu ya kuhariri, ama uchague pembe isiyozionyesha. Pale ambapo haiwezekani, kama picha ya soko zima la Kariakoo au ya maandamano, picha huweza kupakiwa kama ya habari, ambayo haitumiki kwa matangazo. Shutterstock hutaka maelezo ya picha ya namna hiyo yaanze kwa mji, nchi na tarehe, kisha tukio lenyewe bila maoni.

Ubora wa picha

Adobe Stock na Shutterstock hutaka picha isiyopungua megapikseli 4, katika faili la JPEG lenye mfumo wa rangi wa sRGB. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4000 kwa 3000, hivyo ukubwa si kikwazo. Kikwazo ni fokasi na chengachenga, yaani vidoadoa vinavyotokea picha ikipigwa kwenye mwanga hafifu. Kabla ya kupakia, ikuze picha kwenye kompyuta hadi asilimia 100 na uangalie macho ya mtu: yakiwa na ukungu, iache. Piga picha kwenye mwanga wa kutosha ili ISO, yaani kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga, ibaki chini, usitumie zumu ya kidijitali ya simu, na usitie rangi kali wakati wa kuhariri, kwani mnunuzi atataka kuipa rangi zake mwenyewe. Usipakie picha kumi zinazofanana za tukio moja. Chagua mbili au tatu zenye tofauti ya kweli, kwa sababu wakaguzi hukataa marudio.

Maneno ya kutafutia

Picha isiyo na maneno sahihi haitaonekana hata ikiwa bora. Maneno haya huandikwa kwa Kiingereza, kwa kuwa wanunuzi wengi hutafuta kwa lugha hiyo. Shutterstock hutaka angalau 7 na hukubali hadi 50. Adobe Stock hukubali hadi 49 na huyapa uzito zaidi yale 10 ya kwanza, hivyo yaliyo muhimu yatangulie. Kwa picha ya mwanamke anayekaanga mandazi alfajiri, anza na kinachoonekana, yaani mwanamke, kupika, chakula cha mtaani, kisha wazo lililomo, yaani biashara ndogo, kujitegemea, kifungua kinywa, na mwisho mahali, yaani mji, nchi na Afrika Mashariki. Majina ya kwetu kama mandazi, kanga, bodaboda na daladala yaandikwe kama yalivyo. Mimea ipewe jina lake la kisayansi: mbuyu ni Adansonia digitata, mkarafuu ni Syzygium aromaticum. Wachapishaji wa vitabu vya shule hutafuta kwa majina hayo, na picha zenye majina hayo kwa usahihi si nyingi.

Usiongeze neno lisilohusika ili kuvuta watu. Mnunuzi aliyetafuta Zanzibar akaletewa ufuo wa Diani hatakuamini tena.

Malipo na kodi

Maktaba kubwa hulipa kupitia huduma za kutumiana fedha mtandaoni kama PayPal na Payoneer. Nchini Kenya, fedha za PayPal zinaweza kuhamishiwa M-Pesa tangu 2018. Mtanzania ahakikishe kwanza kwamba akaunti anayofungua inaweza kupokea fedha, si kulipia tu. Adobe Stock pia hutaka zipite siku 45 tangu mauzo ya kwanza kabla ya kuomba malipo ya kwanza. Utajaza fomu ya kodi ya Marekani iitwayo W-8BEN. Kwa kuwa Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani, asilimia 30 ya mapato yanayotokana na wanunuzi walioko Marekani hukatwa kama kodi ya zuio, ilhali mauzo ya nchi nyingine hayakatwi kodi hiyo. Tunza taarifa za makato hayo, kwa sababu mapato yenyewe bado unapaswa kuyatangaza kwa KRA au TRA.

Baada ya picha mia kadhaa kuwa sokoni, fungua ripoti ya mauzo na uangalie kinachopakuliwa. Mara nyingi haitakuwa picha uliyoipenda kuliko zote. Ikiwa fundi wa viatu amepakuliwa mara tatu, rudi kwake ukiwa na fomu mpya ya ridhaa, kwa kuwa ile ya zamani iliihusu siku ile tu, mlipe tena, na umpige picha akipokea mteja, akitafuta uzi, akihesabu fedha za siku, wima na mlalo, kwa mwanga wa asubuhi.