Kuchonga Vector ya mbao: anza na mkia

Ukitaka kuchonga modeli ya ndege ya abiria CBA 123 Vector, anza na mkia. Modeli nyingi huanza na kiwiliwili, na kwa ndege nyingine mimi pia hufanya hivyo. Hii ni tofauti. Kila kilichoifanya ipendeze, na mengi yaliyoifanya isipate wanunuzi, yamekaa nyuma ya mlango wa abiria. Ukikosea mkia, utakuwa umechonga ndege nyingine.

Kwanza elewa unachonga nini. Miaka ya 1980 kampuni ya ndege ya Embraer ya Brazil ilikuwa inatafuta mrithi wa Bandeirante, ndege yake ndogo ya safari fupi iliyoruka mara ya kwanza 1968. Brazil na Argentina zilikuwa zinasogeleana wakati huo, kwa hiyo Embraer ikashikana mkono na kiwanda cha ndege cha FMA cha Córdoba, Argentina: theluthi mbili za kazi kwa Wabrazil, theluthi moja kwa Waargentina. Herufi CBA zinasimamia ushirikiano huo. Walitaka ndege ya abiria 19 yenye utulivu wa jeti, na wakaamua injini mbili za Garrett TPF351-20 zikae juu ya mikono miwili mkiani, na mapangaboi yatazame nyuma yakiisukuma ndege badala ya kuivuta. Kelele ibaki nyuma ya abiria. Mpaka leo nikiutazama uamuzi huo naona ujasiri.

Tafuta mchoro wa pande tatu: juu, ubavuni, mbele. Kwa kipimo cha 1:72, urefu wa mita 18.09 unakuwa sentimita 25.1, upana wa mabawa wa mita 17.72 unakuwa 24.6, na kimo cha mita 5.97 kinakuwa 8.3. Kata violezo vya karatasi ngumu kwa vipimo hivyo kabla ya kugusa msumeno.

Kiwiliwili ndicho kazi nyepesi, kwa sababu waundaji wenyewe hawakukibuni upya. Walichukua cha ndege yao kubwa zaidi, Brasilia, wakakifupisha. Kipenyo chake ni mita 2.28, yaani sentimita 3.2 kwenye meza yako. Tafuta mbao laini isiyo na fundo, ifunge kwenye jiliwa, ipige randa pembe zake mpaka iwe na pande nane, kisha msasa uimalizie mduara. Pua nyembamba iache mwisho.

Sasa mkia. Chora alama za mikono ya injini pande zote mbili ukitumia kiolezo kimoja ulichokigeuza, usikadirie kwa jicho. Toboa tundu moja linalopita upande hadi upande, upitishe kijiti kimoja kilichonyooka: hicho kitabeba injini zote mbili na zitalingana zenyewe. Nilipochonga ya kwanza nilitoboa kila upande peke yake, na injini ya kushoto ikakaa chini ya mwenzake kwa milimita mbili. Milimita mbili ni kitu kidogo, lakini ukiitazama kutoka nyuma ndege ilikuwa kama imeteguka nyonga. Niliivunja.

Mabawa yanadanganya watu. Uzito wa injini ukiwa nyuma, mabawa nayo lazima yasogee nyuma kuufuata, kwa hiyo shingo ya ndege inaonekana ndefu mno. Mkono wako utataka kuyasogeza mbele. Usiusikilize, fuata mchoro. Kwa sababu hiyohiyo modeli itakaa kitako ukiisimamisha kwa magurudumu yake. Toboa pua kutokea chini, jaza chubwi ndogo za risasi zile za wavuvi, ziba kwa gundi iliyochanganywa na vumbi la mbao. Pima uzito kabla ya kuziba, maana ukishaziba hakuna kurudi.

Mapangaboi ndiyo yatakayokutesa, na hapo ndipo nakuomba subira. Kila moja lina mapanga sita. Usichukue la modeli nyingine ukaligeuza tu nyuma mbele. Kwenye ndege ya kuvutwa, mgongo wa panga uliobinuka unatazama upande uleule wa kofia ya katikati. Kwenye Vector kofia inatazama mkia, lakini mgongo wa panga lazima uendelee kutazama pua, kwa sababu ndiko ndege inakokwenda. Mimi huchonga panga moja la mfano, nalilaza kwenye kiganja nikiuhisi mgongo kwa kidole gumba, ndipo nakata mengine kumi na moja kwa kulifuata. Jioni mbili zinaisha hapo.

Kabla ya rangi, chagua ndege moja ya majaribio na ushikamane na picha zake. Zilizoruka ni mbili tu: ya kwanza 18 Julai 1990, ya pili mwaka uliofuata. Ya tatu ilikusudiwa kwa Argentina na haikukamilika. Vector iliruka vizuri. Lakini bei yake ilikuwa juu mno kwa ndege ya viti 19, wakati shirika dogo lingeweza kununua Beech 1900 au Jetstream kwa fedha pungufu. Soko likaanguka, serikali hazikuwa na pesa, na Embraer ikapunguza wafanyakazi kwa maelfu. Kampuni yenyewe ilibinafsishwa Desemba 1994. Kilichofuata ni jeti ya ERJ 145, iliyoruka Agosti 1995 ikiwa na kiwiliwili cha kipenyo kilekile na injini mbili mkiani. Ukishamaliza Vector, chonga na hiyo, uziweke ubavu kwa ubavu. Utaiona familia bila kuelezwa.

Piga rangi nyembamba mara tatu, siyo nzito mara moja, na usugue kwa msasa laini katikati. Mapangaboi yapake yakiwa pembeni, kwenye vijiti. Yagundishe ya mwisho kabisa, siku moja baada ya rangi kukauka, ndege ikiwa imelazwa juu ya kitambaa na mkia ukikutazama. Kabla gundi haijashika, pitisha kidole gumba tena kwenye kila mgongo.