Somo: Ulimi Umebadilika Rangi? Pangusa Kwanza, Dawa Baadaye

Wapendwa, wengi wanaoniuliza kuhusu ulimi huwa wameshameza dawa tayari. Wamenunua antibayotiki dukani, zimekwisha, na ulimi umezidi kuwa mweupe. Inaniuma, kwa sababu kuangalia vizuri kungewaokolea fedha na maumivu. Tuanze.

Hatua ya 1: Angalia kwenye mwanga wa jua

Asubuhi, kabla ya chai na mswaki, simama mlangoni na kioo. Taa ya ndani hudanganya. Ulimi wenye afya ni wa waridi, na utando mwembamba mweupe juu yake si ugonjwa. Sisi wenye ngozi nyeusi, wengi tuna madoa ya kahawia au meusi kwenye ulimi na ufizi. Kama yapo tangu zamani, ni bapa na hayaumi, ni rangi ya mwili tu. Usiyasugue.

Kumbuka pia ulichokula jana. Zambarau, zabibu nyeusi, ubuyu wa rangi ule wa kwenye vifuko: vyote hupaka ulimi, na rangi hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili.

Hatua ya 2: Pangusa

Hapa ndipo penye somo lenyewe. Chukua kitambaa safi chenye unyevu, pangusa taratibu.

Utando ukitoka mithili ya maziwa mgando, na chini yake nyama ni nyekundu, inauma au inavuja damu kidogo, huyo ni fangasi. Huwapata watoto wachanga, wazee wenye meno ya bandia, wenye kisukari, wanaoishi na VVU, wenye pumu wanaovuta dawa ya steroidi bila kusukutua baadaye, na waliotoka kumaliza antibayotiki. Ndiyo, antibayotiki. Haiui fangasi, huua bakteria waliokuwa wakimzuia fangasi asienee.

Weupe usiofutika, mgumu, hasa mahali mtu anapoweka ugoro au kwa mvuta sigara, hautibiwi nyumbani. Baadhi hugeuka saratani. Nenda kwa daktari wa kinywa na meno.

Weusi au ukahawia wenye kama manyoya katikati ya ulimi kuelekea nyuma ni jambo jingine. Vinyuzi vya ulimi, ambavyo kwa kawaida havifiki milimita 1, vimerefuka na kunasa rangi ya chai, kahawa au tumbaku. Hutisha macho, lakini kwa kawaida hauna madhara.

Hatua ya 3: Kama hakuna cha kupangusa

Ulimi uliopauka, pamoja na uchovu na moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, unaomba kipimo cha damu. Ulimi mwekundu, laini, unaong'aa na kuwaka ukila pilipili, mara nyingi umekosa madini ya chuma, foliki au vitamini B12.

Hili natamani lieleweke vizuri huku kwetu. Ugali wa uwele na mlenda ni chakula chema, ila chuma cha nafaka na mboga mwili hukichukua kwa shida. Kunywa juisi ya ubuyu au kamulia ndimu kwenye mlo, kitachukuliwa zaidi. Chai nzito pamoja na mlo hukizuia, kwa hiyo isogeze mbele saa moja au zaidi. B12 haipo kwenye mboga: inatoka kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa. Na kina mama wajawazito mnaotafuna udongo, mwambieni muuguzi kliniki. Hamu hiyo yenyewe mara nyingi ni dalili ya upungufu wa chuma.

Ulimi wa buluu pamoja na midomo ni dharura: hewa haitoshi. Kwa ngozi nyeusi, ulimi huonyesha jambo hili waziwazi kuliko kucha. Mtoto mwenye homa, vipele, na ulimi mwekundu wenye vinundu vilivyovimba, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Ukiona njano, tazama weupe wa macho. Nao ukiwa wa njano, tatizo haliko kwenye ulimi.

Hatua ya 4: Tunza

Piga mswaki ulimi taratibu mara 2 kwa siku, kunywa maji, sukutua kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu. Usisugue kwa ndimu, magadi wala majivu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Shikamoo dada. Mwanangu ana miezi 2, ulimi mweupe, ananyonya kwa kulia. Mama mkwe anasema ni kimeo, kikatwe. (Chang'ombe)*

Marahaba mama. Tafadhali asikatwe. Kukata kimeo huleta kutokwa damu na maambukizi, na hakuondoi fangasi. Mpeleke kituo cha afya. Kwa kawaida hupewa nistatini ya matone, mara 4 kwa siku baada ya kunyonya. Maliza siku zote ulizoandikiwa hata utando ukitoka mapema. Chuchu zako nazo zikaguliwe, la sivyo mtarudishiana. Mama mkwe mwende naye, asikie mwenyewe.

*Natumia ARV, fangasi wanarudi kila mara na sasa kumeza kunauma. (Nkuhungu)*

Kaka, usisubiri tarehe ya kliniki. Kumeza kukiuma, huenda fangasi wameshuka kooni, na hapo dawa ya kupaka haitoshi. Nenda CTC yako (kliniki ya huduma na tiba kwa wanaoishi na VVU) kesho, uliza pia kipimo cha wingi wa virusi. Dawa usiziache.

*Mabaka mekundu yenye ukingo mweupe, leo hapa, wiki ijayo pale. Hayaumi. (Kondoa)*

Huo ni ulimi wa ramani. Hauambukizi na hauhitaji dawa. Ukiwaka, punguza pilipili na vitu vichachu.

*Babu anatumia ugoro miaka mingi. Chini ya ulimi pana weupe mgumu na kidonda, karibu mwezi sasa. Hataki hospitali, anasema hakiumi. (Mpwapwa)*

Kutouma ndiko kunakonitia hofu, kwa sababu saratani ya kinywa mwanzoni mara nyingi haiumi. Kidonda cha mdomoni kikipita wiki 2 lazima kionwe. Mpelekeni wiki hii hospitali ya wilaya, waombeni rufaa ya kuja Dodoma mjini kwa daktari wa kinywa na meno. Atakata kinyama kidogo kwa ganzi kikapimwe. Mwambieni hivyo mapema, kwa heshima, ajue anaendea nini. Ugoro ausimamishe tangu leo.