Kompyuta Inazima Yenyewe? Usikimbilie Kupiga Windows

Ukimpelekea fundi deskitopu inayozima yenyewe, mara nyingi jibu linatoka kabla hajagusa bisibisi: "Hii tuipige Windows," yaani kuisakinisha Windows upya. Inapigwa, inarudi nyumbani, inakaa siku tatu, inazima tena. Mimi ni fundi, na nimewahi kukosea zaidi ya hapo, tena kwa mashine ya nyumbani kwangu: niliinunulia pawasaplai (kisanduku cha ndani kinachoigawia umeme) ambayo haikuihitaji. Utaratibu huu nimeupata kwa hasara ile.

Kabla ya lolote, nakili kazi zako kwenye diski ya nje. Mashine mgonjwa haiaminiki.

Hatua ya 1: Andika inavyokufa

Weka daftari karibu na kibodi. Kila ikizima andika saa, ulichokuwa unafanya, na namna ilivyokufa. Namna ni tatu: kuzima papo hapo kama iliyochomolewa, kutoa skrini ya bluu, au kuganda, picha ikabaki palepale na hata kipanya hakisogei. Andika pia kama taa za nyumbani zilififia. Wiki moja ya daftari inafaa kuliko kubahatisha mwezi mzima.

Hatua ya 2: Izuie isijiwashe upya

Windows ikitoa skrini ya bluu hujiwasha upya haraka, nawe unaona kama imezima tu. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, kisha Startup and Recovery, uondoe tiki kwenye Automatically restart. Safari ijayo maandishi yatabaki kwenye skrini, uyapige picha kwa simu.

Hatua ya 3: Soma kumbukumbu zake

Bonyeza tena Windows na R, andika eventvwr.msc. Fungua Windows Logs, kisha System, uchuje kwa namba 41. Hilo ni tukio la Kernel-Power, na halikuambii chanzo, linakuambia tu kwamba mashine haikuzimwa kistaarabu. Kuna mtego: saa inayoonekana hapo ni ya kompyuta ilipowaka tena. Saa ya kufa itafute ndani ya maelezo ya tukio namba 6008, uilinganishe na daftari lako.

Ndani ya 41 fungua Details, utafute BugcheckCode. Ikiwa ni 0, Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kilichoiua: umeme, joto, au wewe mwenyewe uliibonyeza ilipoganda. Ikiwa ni namba nyingine, palikuwa na hitilafu ya skrini ya bluu. Namba hiyo imeandikwa kwa desimali, yaani namba za kawaida, lakini maelezo mengi utakayoyakuta hutumia heksadesimali, zile zinazoanza na 0x, kwa hiyo igeuze kwa kikokotoo cha Windows. Kwa mfano 26 ni 0x1A, inayohusu RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta), na 278 ni 0x116, ya kadi ya picha au draiva yake, yaani programu inayoiendesha. 292 ni 0x124: hapo kifaa chenyewe ndicho kimelalamika.

Hatua ya 4: Ikiwa ni 0, anza na umeme

Ya kwangu ilikuwa ikizima kati ya saa moja na saa tatu usiku, 0 kila mara. Nikasema pawasaplai hii. Nikanunua, nikafunga, na jioni ileile ikazima. Ndipo nikainama chini ya meza kutazama kitu ambacho sikuwahi kukishuku kwa sababu kazi yake ni kulinda: UPS, kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika. Mtaani kwetu umeme hushuka jioni, pasi na majiko yakiwa kazini. Ukishuka mno, UPS hukimbilia betri yake, na betri ile ilikuwa imekufa siku nyingi. Kushuka ambako pawasaplai ingekuvumilia, UPS ilikugeuza kuwa kukatika kabisa.

Kuipima ni rahisi. Zima kompyuta na uichomoe. Acha UPS ichaji saa kadhaa, ichomeke taa ya meza, kisha chomoa UPS ukutani. Taa ikizima hapohapo, betri imekwisha. Tumia balbu ya zamani ya wati 60 au 100. Ya LED hula umeme kidogo mno, hata betri mbovu inaweza kuimudu. UPS nyingi ndogo hutumia betri ya volti 12 na Ah 7, jamaa ya zile za kengele za wezi, kwa hiyo si lazima ununue UPS nzima.

UPS ikiwa nzima, azima pawasaplai ya mtu ujaribie. Nasema azima. Na ile yako usiifungue: kapasita zake hubaki na umeme hata ukishaichomoa.

Joto lina dalili zake: feni inavuma, mashine inakuwa nzito, kisha inazima. Tazama nyuzi za joto kwa programu ya HWMonitor. Prosesa ikikaribia 100 za Selsiasi, puliza vumbi na ubadilishe ile pesti ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, chini ya feni. Wakati wa kupuliza zuia feni kwa kidole isizunguke.

Hatua ya 5: Ikiwa kuna skrini ya bluu

Anza na RAM. Zichomoe, sugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa raba ya kufutia penseli, pangusa, rudisha. Kisha weka MemTest86, programu ya kupimia RAM, kwenye flashi, uwashe kompyuta kwa flashi hiyo na uiache usiku kucha, ukipima RAM mojamoja. Kosa moja tu linatosha kuikataa.

Skrini ikitaja kadi ya picha, badilisha draiva kwanza. Mashine ikiganda huku taa ya diski ikiwaka mfululizo, ipime diski kwa programu ya CrystalDiskInfo. Ukiona Caution, nakili faili zilizobaki kabla ya kuendesha chkdsk (amri ya Windows ya kukagua diski), kwa kuwa chkdsk huitesa diski inayokufa.

Hatua ya 6: Badilisha kitu kimoja, kisha subiri

Iliyokuwa ikizima kila baada ya siku tatu, usiitangaze imepona kesho yake; ipe angalau siku tisa. Ya kwangu niliwekea UPS betri mpya nikawaachia watoto wacheze gemu kila jioni kwa wiki mbili. Daftari likabaki tupu. Pawasaplai ya zamani nikairudisha ndani, na ile mpya bado iko kabatini.